Nilimfukuza mgeni wa mama yangu Ifakara, mpaka tulipouona mwisho wa ile muvi ya zamani

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Rika langu, mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa muda mrefu, mtu wa kulike na kupita. Leo nimeona niandike maana jambo hili limenikaa kooni tangu masika, na najua wengi wetu tuna mzazi mmoja aliyebaki peke yake huko nyumbani. Mkinisoma vizuri mtaepuka ujinga nilioufanya mimi.

Yote ni ya kweli. Nimegeuza majina tu, kwa sababu mama yangu ana simu janja na jumuiya yake ya kanisani ina grupu lisilolala.

Kwa ufupi: kidogo nimnyime mama yangu mtu wa kuzeeka naye. Kilichoniokoa ni muvi moja ya Kimarekani, black and white, ya zamani kuliko mimi.

Twende taratibu, anayepika apunguze moto.

Mimi ni mzaliwa wa Ifakara, Viwanja Sitini. Ni fundi TV na redio, nina banda langu karibu na soko. Kwetu tumezaliwa wawili, mimi Kasiani na mdogo wangu Fides aliyeko Dar. Baba alifariki miaka tisa iliyopita. Mama, Adelina, amebaki kwenye nyumba ileile, analima mpunga wake, anauza mchele, Jumapili yuko kwaya. Asili yao ni upande wa Mahenge, na kama unawajua watu wa kule, unajua kwamba mama yangu hasemi jambo mara mbili.

Sasa hiyo muvi.

Nikiwa mtoto, ukumbi wa parokia ulikuwa na mashine ya sinema, ile ya mikanda inayozunguka. Jumapili mchana baada ya misa ya pili tunajaa mule kwenye mabenchi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, joto la Ifakara mnalijua. Mikanda ilikuwa michache, kwa hiyo muvi moja tuliiona mpaka tukaihifadhi kichwani.

Hii ya mgeni ndiyo ilikuwa mama yao.

Pembeni ya ukuta alikuwa anasimama mtafsiri na kipaza sauti. Nasema mtafsiri, ila wakuu, yule hakuwa anatafsiri. Alikuwa anatunga. Sisi tulikuwa hatujui Kiingereza, na nina wasiwasi na yeye pia alikuwa anakijua kwa mbali.

Stori kwa maneno ya ukumbini ilikuwa hivi. Mama mmoja anaitwa Bi Matilda anaishi peke yake kwenye jumba lenye ngazi. Nje kunaanguka theluji, na mtafsiri anasema, "Mvua ya kwao ni kama sufi, ikikukamata njiani hufiki." Mlango unagongwa. Kasimama bwana mmoja na kofia, begi mkononi, gari limemfia. Anaomba alale usiku mmoja tu. Huyo ndiye Bwana Safari.

Usiku mmoja ukawa siku nyingi. Bwana Safari anaunguza mikate, anagombana na mbwa, anajificha kabatini kila akija mchumba wa Bi Matilda mwenye sharubu, ambaye kwetu sisi alikuwa Afisa Ushirika. Wakifungua chupa tunaambiwa ni togwa. Bi Matilda akipanda ngazi tunaambiwa anakwenda darini kuangalia mpunga wake. Bwana Safari akimbusu mkono tunaambiwa anampa shikamoo.

Ukumbi mzima tulikuwa tunasema maneno pamoja na mtafsiri, wazee kwa watoto. Baba yangu alikuwa ananipakia kwenye bomba la baiskeli kwenda kuiona, na njia nzima ya kurudi yeye ni Bwana Safari na mimi ni mbwa. Nikikumbuka hapo mpaka leo nacheka peke yangu bandani, wateja wananishangaa.

Kulikuwa na kitu kimoja. Mzee aliyeendesha mashine alikuwa na agizo kutoka juu. Ikifika sehemu ya watu kubusiana mdomoni, anaweka kiganja mbele ya lenzi. Ukuta unakuwa giza, watu wanaguna, na mtafsiri anajaza pengo, "Hapa wanaulizana habari za nyumbani." Kiganja kikitoka unakuta nywele za Bi Matilda zimevurugika na wewe mtoto hujui kwa nini.

Basi mwisho wa ile muvi ulikuwa ni kiganja kitupu. Bwana Safari kabeba begi lake, kafika mlangoni, kageuka. Bi Matilda anamsogelea. Kiganja. Giza mpaka mkanda unaisha.

Na gizani humo mtafsiri anasema kwa sauti ya chini, "Bwana Safari akamwambia, mama, nyumba hii ina mwenyewe, mimi nilikuwa napita. Akafunga mlango, akaenda zake."

Akina mama walikuwa wanatoka wanafuta macho. Huo ndio mwisho uliojulikana Ifakara, na hakuna aliyewahi kuuhoji.

Baadaye mashine ikafa, ukumbi ukageuzwa stoo. Muvi ikabaki midomoni mwa watu. Mama alikuwa anatusimulia akipepeta mchele, kwa maneno yaleyale.

Sasa tuje masika ya mwaka huu.

Mvua ilinyesha mpaka barabara ya kwenda Mlimba ikakatika. Treni nayo ikawa ya kuulizia kila asubuhi. Jioni moja napita kwa mama kumpelekea gesi, nakuta barazani kuna mzee, kavaa koti, viatu amevivua kaviweka pembeni vizuri, begi moja la turubai. Anakunywa chai.

Nikampa shikamoo. Akaitikia, akasimama kabisa kunipa mkono.

Mama akasema, "Huyu ni Mzee Titus. Tuliimba naye kwaya zamani kabla sijaolewa. Anakwenda Chita kwa mpwa wake, njia imefunga. Atalala hapa leo."

Mzee Titus akaongeza, "Usiku mmoja tu, mwanangu."

Nilicheka kidogo moyoni kwa sababu ya ile muvi. Sikuwaza zaidi.

Alikuwa mstaafu wa kwenye mashamba ya miwa, amefanya kazi huko maisha yake yote, mke wake alishatangulia, watoto wako mikoani. Alikuwa anahamia Chita akazeekee shambani kwa mpwa. Alifikia kwa mama kwa sababu mji umembadilikia na hiyo ndiyo nyumba pekee aliyoweza kuiulizia akaelekezwa.

Usiku mmoja ukawa wiki. Barabara ikafunguka, mama akasema maji hayajapungua vizuri. Maji yakapungua, ikaonekana bati la jikoni linavuja na Mzee Titus ameshapanda juu. Akimaliza bati, banda la kuku limeoza. Nikienda namkuta na misumari mdomoni.

Kiukweli hakuwa na kosa. Analala chumba cha uani, anaamka mapema, anafagia. Kiti cha baba cha barazani hakuwahi kukikalia, anakaa kwenye kigoda. Hata hilo lilinikera. Nilikuwa natafuta sababu, na mtu asiyekupa sababu anakera kuliko anayekupa.

Jumamosi ikafika zamu ya jumuiya kusali kwa mama. Watu wanaingia uani saa kumi na mbili asubuhi, na kwenye kamba kumeanikwa suruali mbili za kiume.

Walisalimia vizuri, wakakaa. Ila kwenye maombi, mwenyekiti wa jumuiya akafumba macho na kuomba, "Tuwaombee pia wageni waliofikia nyumba hii, Bwana awafungulie njia, wafike salama na mapema huko waendako."

Wote tukaitikia, "Ee Bwana, utusikie."

Mama hakuitikia. Alikuwa anaangalia rozari yake tu. Mzee Titus, maskini, aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Kuanzia hapo bandani kwangu mtu akileta redio lazima aulize, "Mzee wenu mpya hajambo?" Nikawa nalala na hasira, naamka nayo.

Lakini kilichonimaliza kilikuwa kingine.

Alasiri moja nafika kwa mama, nasikia kicheko tangu getini. Nikasimama. Mama alikuwa anapepeta mchele, Mzee Titus kwenye kigoda anachambua mawe, wanangu wawili wamekaa chini. Na mzee anasimulia, "Mvua ya kwao ni kama sufi, ikikukamata njiani hufiki."

Wakuu, ile haikuwa sauti ya mtu anayekariri. Pumzi zilikuwa mahali pake, pale pa kushusha anashusha, pale pa mbwa anabweka vilevile. Nikaelewa nikiwa nimesimama pale pale kwamba huyu ndiye aliyeyatunga. Yule wa utoto wangu alikuwa ameyarithi tu.

Na mama yangu alikuwa anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba afe. Labda hata kabla.

Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi nilihisi nimeibiwa. Yale maneno yalikuwa ya baba, ya kwenye baiskeli, na sasa yana mwenyewe na mwenyewe amekaa uani kwetu anachambua mchele wa mama.

Kesho yake nikamvizia mama ameenda Kivukoni kununua samaki. Nikamwambia mzee kwa adabu zote kwamba Fides anakuja na watoto, chumba cha uani kitahitajika. Uongo mtupu. Fides hakuwa na mpango wowote. Na tiketi ya treni ya kwenda Chita nilikuwa nayo mfukoni tayari.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Nimeelewa, mwanangu. Naomba tu nimalizie mlango wa banda la kuku, nisiuache unaning'inia."

Akaumalizia. Alfajiri ya pili nikampeleka stesheni kwa pikipiki. Tulipofika alinishukuru, akaniambia nimsalimie Fides.

Hiyo salamu ilinichoma, sitawaficha.

Nikarudi kwa mama nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Hakukuwa na ugomvi. Alikuwa anawasha moto. Akasema, "Titus ameamua kwenda. Kanieleza mwenyewe jana, amekaa sana, mpwa anamsubiri."

Mzee alikuwa amenifichia. Kachukua uongo wangu akaugeuza uamuzi wake.

Hapo nilipaswa kusema. Nilikunywa chai nikaondoka.

Wiki zilizofuata mama hakununa, hakulalamika. Alirudi kula peke yake na redio imewashwa. Nikimuuliza hali anasema njema. Aliacha kuwasimulia wanangu chochote. Alikuwa anapepeta mchele kimya, na kama hujawahi kumuona mama yako akifanya kazi kimya wakati unajua sababu ni wewe, usiombe.

Nikaona nimfurahishe, nitulize dhamiri yangu kwa bei nafuu. Nikaanza kuitafuta ile muvi mtandaoni. Jina silijui, waigizaji siwajui, nina theluji, ngazi, mbwa na sharubu. Kuna mkuu mmoja wa jukwaa la muvi humu alinisaidia, sitamtaja ila mwenyewe anajijua, ubarikiwe. Bando liliisha mara tatu ila nikaipata, nikaiweka kwenye fleshi.

Jumapili baada ya misa nikaenda kwa mama peke yangu. Nikachomeka fleshi kwenye TV, nikamwambia kuna kitu nimemletea.

Ilipotokea lile jumba na theluji, mama akaweka bakuli chini.

Kiingereza kilikuwa kinasikika vizuri, na sasa mimi ninakielewa kiasi. Bi Matilda hakuwa Bi Matilda. Sharubu alikuwa mwanasheria. Lakini sikuendelea kusikiliza, maana mama alikuwa ameanza kutafsiri. Neno kwa neno, maneno ya Titus. Mvua ya sufi, mpunga wa darini, togwa, shikamoo. Mwanamke mwenye wajukuu, kakaa kwenye mkeka, anasema sehemu za watu wote na mbwa pia. Nilicheka mpaka machozi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikajihisi mtoto pale ndani.

Busu la kwanza lilipopita bila kiganja, mama alishtuka, akacheka, akajifunika kanga usoni. "Kumbe ndiyo habari za nyumbani," akasema.

Tukafika mwisho.

Bwana Safari kabeba begi. Kafika mlangoni. Kageuka. Bi Matilda anamsogelea. Mama akashusha sauti, akaanza, "Bwana Safari akamwambia, mama, nyumba hii ina..."

Picha haikuwa giza. Picha iliendelea.

Yule bwana aliweka begi chini. Akamwambia yule mama maneno ambayo hata mimi niliyaelewa, kwamba hana pengine anapotaka kwenda. Wakabusiana. Kisha akavua kofia akaitundika mlangoni, akafunga mlango kwa ndani.

Muvi ikaisha.

Mama akasema polepole, "Kumbe alibaki."

Halafu akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Kwamba kabla ya baba, Titus alikuwa anamsindikiza kutoka kwaya. Kwamba hakuwahi kumtamkia lolote. Kwamba barua ya posa ya baba ilipoletwa kwao, mama alisubiri siku mbili tatu aone kama Titus atasema neno. Jumapili ile wakaenda ukumbini, muvi hii ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza, naye Titus akasema mbele ya watu wote kwamba mgeni aliondoka. Mama akachukua hilo kuwa jibu. Akaolewa.

"Baba yako nilimpenda," akasema. "Usije ukafikiri nimekaa naye miaka yote nikichungulia dirishani. Nilimpenda. Ila huyu mtu ameniondokea mara mbili, Kasiani, na mara zote mbili sikumwambia aende."

Wakuu, kuna muda unaweza kunyamaza na maisha yakaendelea. Mimi nilishanyamaza mara moja pale na chai.

Nikasema, "Mama, mara ya pili ni mimi."

Nikamweleza yote. Fides, chumba, tiketi, kumvizia siku ya samaki.

Hakunipigia kelele. Bora angenipigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akachukua bakuli lake. Akasema, "Nenda kwako."

Sijawahi kufukuzwa na mama yangu maishani. Nina zaidi ya miaka arobaini, nikatoka pale getini kama mtoto. Nilikaa kwenye pikipiki muda mrefu bila kuiwasha, nikamuwaza yule mzee na begi lake la turubai, anavyonishukuru stesheni.

Jumatatu nikafunga banda, nikaenda Chita kwa pikipiki.

Mpwa wake akanielekeza shambani. Mpunga ulikuwa unakomaa na Mzee Titus alikuwa anaamia ndege, kakaa kwenye kichanja na kombeo, kafunga madebe kwenye kamba, akivuta yanalia shamba zima. Aliponiona akashuka haraka. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mama ni mzima.

Nikamwambia ni mzima. Nikamuomba msamaha, wa kweli, siyo wa mdomoni. Akasema alijua tangu mwanzo kwamba Fides haji, maana mtu anayetarajia mgeni hanunui tiketi ya kumwondoa mwingine kabla hajamwambia. Alisema hivyo bila kinyongo, kama anamfundisha mtu kazi.

Kisha nikamwambia, "Mzee, tumeiona ile muvi. Mama ameuona mwisho."

Akavuta kamba, madebe yakalia, ndege wakaruka. Akakaa chini kwenye tuta.

Akanieleza kwamba watafsiri walikuwa wanaonyeshwa kila muvi Jumamosi, peke yao na mwenye mashine, waandae maneno. Kwa hiyo yeye alijua kabisa kwamba mgeni alibaki. Alikuwa ameandaa maneno mazuri ya mwisho, ameyarudia usiku kucha. Jumapili asubuhi ndiyo akasikia kwamba kwa kina Adelina kumepelekwa barua. Mchana akasimama na kipaza sauti, anamuona Adelina benchi la pili katikati ya mashangazi zake.

"Ningesemaje kwamba alibaki?" akaniuliza. "Mji mzima ungeona namwambia yeye. Binti wa watu ana barua mezani. Nikamwondoa yule bwana, na mimi nikaondoka wiki ileile kwenda kwenye miwa."

Nikamwambia mama alikuwa anasubiri aseme.

Alitoa leso akajifuta uso, akasingizia jasho, na mimi nikaangalia pembeni nikimwachia hilo jasho lake.

Nikamwambia apande pikipiki turudi leo leo. Akakataa. Akasema, "Mara ya kwanza nilifika kwenu bila taarifa, mwanangu. Nikija tena nitakuja kwa utaratibu."

Nikarudi peke yangu. Mama nilimpa salamu tu, naye akaitikia tu. Nikampigia Fides nikamweleza yote, akanitukana kwanza kwa kumtumia kama kisingizio, kisha akacheka, kisha akalia, kisha akauliza avae nguo gani.

Baada ya mavuno mshenga akafika. Mzee mmoja nadhifu kutoka Chita, na wenzake wawili, na bahasha.

Sasa wakuu, mnaujua utaratibu wetu. Barua ya posa inapokelewa na mkuu wa familia ya mwanamke. Baba hayupo, babu hayupo, wajomba wameniambia wao wako nyuma yangu. Mkuu wa familia ni mimi. Mimi niliyemkatia tiketi ya treni.

Nikakaa pale sebuleni na koti, natoka jasho. Bahasha iko mezani kwenye sinia. Jikoni kuna pilau na nusu ya kwaya. Mwenyekiti wa jumuiya naye yupo, amekaa mbele kabisa.

Na kabla bahasha haijafunguliwa, mkuu wa familia anatakiwa amwite binti, amuulize mbele ya wageni kama anamfahamu mwenye barua. Binti wetu ana wajukuu. Akatoka chumbani kavaa kitenge kipya, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, macho chini.

Nikasema, "Mama, mwenye barua hii, unamfahamu?"

Akainua macho akaniangalia mimi, siyo wageni.

"Namfahamu tangu wewe hujazaliwa," akasema. "Pokea barua, Kasiani. Watu wana njaa."

Nikaipokea.

Walifunga ndoa misa ya asubuhi, bila mbwembwe. Wanaishi pale pale Viwanja Sitini. Nikienda sasa napiga hodi na kusubiri niitikiwe, zamani nilikuwa naingia tu.

Nilichojifunza ni hiki. Nilijiambia nalinda heshima ya baba. Baba alishapumzika, hakuna aliyekuwa anamgusa. Nilikuwa nalinda uvivu wangu wa kumfikiria mama kama mtu mwenye moyo wake, mtu aliyekuwa msichana kabla ya kuwa mama yangu. Ilibaki kidogo azeeke na redio, na mimi ningeita hilo heshima.

Wale wa kuulizia jina la muvi, silitoi, maana mkiitafuta mtaiona kwa Kiingereza na hamtaielewa.

Wenye mama au baba mjane, mtu akigonga pale kwenu na begi lake, ninyi mngefanyaje? Na kama mlishamfukuza, mlirudi kumwambia nini? Nimekaa hapa nasoma komenti, hata za kunitukana leteni.